Kabla ya Kulipia Dawa za Kupevusha Mayai

Mama mmoja alifika dirishani kwetu asubuhi, akafungua mkoba na kutandaza maganda manne matupu ya klomifeni, vidonge vya kupevusha mayai. Kila ganda lilikuwa la vidonge kumi. Kwa miezi minane alikuwa akimeza vidonge vitano kila mwezi, akijinunulia kwenye duka la mtaani kwao baada ya kuambiwa kwamba homoni zake hazijakaa sawa. Hakuja kulalamika. Alitaka kujua kama sisi tunauza kwa bei nafuu zaidi, maana fedha alizokopa kwenye kikoba zilikuwa zinaelekea kwisha.

Nilimuuliza kama mumewe amepimwa mbegu. Hakuwa amepimwa. Alipokubali kupima, na kurudia tena baada ya wiki kadhaa, majibu yote mawili yalionyesha kwamba hakuna mbegu hata moja kwenye manii. Miezi minane ya dawa ilikuwa imeelekezwa kwa mtu ambaye pengine hakuwa na tatizo.

Mimi ni mfamasia, na kwa miaka mingi nimehudumia wanandoa wanaotafuta mtoto. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya sita hukumbana na ugumba katika maisha yake, kwa hiyo wanaosimama kwenye foleni yetu si wachache wala si wa ajabu. Wengi wao huuliza kwanza kuhusu bei. Ni swali la haki. Ila nimeona kwamba fedha nyingi haziokolewi kwa kupunguziwa bei ya dawa. Zinaokolewa kwa kutonunua dawa ambayo isingeweza kufanya kazi.

Ili mimba itunge lazima yai lipevuke, mirija iwe wazi, na mbegu ziwe za kutosha na zenye nguvu. Dawa za kupevusha mayai zinagusa jambo la kwanza tu. Kipimo cha mbegu hufanywa baada ya mwanamume kukaa siku mbili hadi saba bila kumwaga, na ndicho kipimo rahisi kuliko vyote, lakini katika nyumba nyingi huja mwisho, baada ya mke kuchomwa sindano na kuambiwa maneno na mawifi. Takribani nusu ya matatizo ya kutopata mtoto yana mkono wa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe. Picha ya mirija hupigwa hedhi ikishakatika na kabla yai halijapevuka. Upevukaji wa yai wenyewe unaweza kufuatwa kwa ultrasaundi au kwa damu ya homoni ya projesteroni, wiki moja hivi kabla ya siku ya hedhi kutarajiwa.

Hapa niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi ya wauzaji. Mirija iliyozibwa na makovu ya maambukizi haizibuliwi na kidonge, unga, wala chai ya mizizi. Ukiona tangazo la dawa ya kuzibua mirija au kusafisha kizazi, shikilia fedha zako. Kirutubisho ambacho kila mwanamke anayetafuta mimba anakihitaji kweli ni asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, nacho ni miongoni mwa vidonge vya bei ya chini kabisa kwenye rafu yangu.

Uchunguzi huanza baada ya miezi 12 ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga, au miezi sita kama mwanamke ametimiza miaka 35. Hedhi ikiwa inakuja inapotaka, hakuna haja ya kungoja muda huo wote.

Vipimo vikionyesha kwamba tatizo ni yai kutopevuka, dawa za mwanzo ni vidonge, na ni vya bei ndogo ukilinganisha na sindano. Klomifeni ndiyo inayojulikana zaidi. Lakini kwa wanawake wenye hali ambayo wengi wanaifahamu kwa herufi PCOS, yaani homoni kuvurugika na mayai kutopevuka kila mwezi, letrozoli ndiyo inayopewa nafasi ya kwanza siku hizi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulifuatilia wanawake 750 wenye hali hiyo kwa mizunguko isiyozidi mitano. Waliopata mtoto walikuwa asilimia 27.5 kwa letrozoli na asilimia 19.1 kwa klomifeni.

Letrozoli huwatisha watu. Mgonjwa akifika nyumbani anafungua kikaratasi cha ndani, anasoma kwamba ni dawa ya saratani ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi, kisha anaifungia kabatini. Wengine huitupa na kwenda kununua nyingine. Kikaratasi hakidanganyi, maana ndiyo kazi iliyosajiliwa nayo. Ila dawa hiyo hiyo, ikimezwa siku tano tu mwanzoni mwa mzunguko, hushusha homoni ya estrojeni kwa muda mfupi, na ubongo unaitikia kwa kuamsha mayai. Muulize daktari au mfamasia kabla hujaitupa.

Angalia pia idadi. Pakiti ya letrozoli huwa na vidonge 28 au 30 kwa sababu mgonjwa wa saratani humeza kimoja kila siku. Wewe ukiandikiwa kidonge kimoja kwa siku tano, unahitaji vitano. Ukiandikiwa vitatu kwa siku, unahitaji 15. Hakuna sababu ya kulipia pakiti nzima kabla hujajua kama dozi ya mwanzo inakufaa. Omba uhesabiwe vya mzunguko mmoja, viandikwe jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda.

Na kamwe usijiongezee dozi ili "ishike haraka". Klomifeni inaongeza uwezekano wa mapacha, na mapacha wakizaliwa njiti, gharama ya wiki kadhaa kwenye chumba cha watoto wachanga itazimeza akiba zote ulizofanya dirishani. Ultrasaundi katika mzunguko wa kwanza huonekana kama gharama ya ziada, lakini ndiyo inayoonyesha kama kuna kifuko kimoja cha yai au vinne. Kama mizunguko sita imepita bila mafanikio, acha kununua na urudi kwa daktari.

Sindano ndizo zinazouzisha viwanja. Tuchukue mgonjwa wa upandikizaji (IVF), yaani anayevunwa mayai ili yarutubishwe maabara, aliyeandikiwa uniti 225 kwa siku, siku kumi. Jumla ni uniti 2,250. Kwa chupa za uniti 75 hizo ni chupa 30. Kwa kalamu za sindano za Gonal-f, ambazo huja kwa ukubwa mbalimbali, zikiwemo za uniti 300, 450 na 900, ni kalamu mbili za 900 na moja ya 450. Wengi hulipia zote siku ya kwanza kwa hofu kwamba dawa itakwisha dukani. Siku ya sita ultrasaundi inaonyesha mayai yanakuja vizuri, daktari anashusha dozi hadi uniti 150, na hesabu ya mwisho inakuwa 1,875. Chupa tano zimebaki, na hakuna famasi itakayozipokea, kwa sababu hatuwezi kujua zilikaa kwenye joto gani.

Kwa hiyo nunua kwa awamu. Dawa ya siku tano za kwanza, uniti 1,125, ni chupa 15. Iliyobaki uwekewe oda, famasi ikuthibitishie kwamba ipo, ulipe baada ya ultrasaundi. Mwombe daktari aandike dozi anayoanza nayo na dozi ya juu kabisa anayofikiria, ili ujue fedha ya chini na ya juu kabla hujaanza.

Omba pia cheti kiandikwe kwa jina halisi la dawa, si jina la kampuni peke yake. Folitropini alfa, homoni ya kukuza mayai iliyomo kwenye kalamu hizo, hutengenezwa na viwanda kadhaa, na Gonal-f ni jina moja tu. Ipo Bemfola, ipo Ovaleap, zote zilizopitishwa Ulaya kama dawa zinazolingana nayo. Zipo pia sindano zinazotokana na mkojo wa wanawake waliokoma hedhi, kama Menopur. Watu wengine hukunja uso wakisikia hivyo, lakini zimesafishwa kiwandani, na tafiti zilizokusanywa pamoja hazikuonyesha tofauti ya maana katika idadi ya watoto wanaozaliwa. Kama moja ina bei nafuu katika famasi yako, liulizie hilo kabla ya mzunguko kuanza. Usibadilishe katikati bila kumwambia daktari, kwa sababu kalamu hazizungushwi kwa namna moja.

Yapo maswali mengine mawili ya kumuuliza daktari bila woga. La kwanza ni kama dozi kubwa ina faida kwako. Muongozo wa wataalamu wa uzazi wa Ulaya wa mwaka 2019 haupendekezi kuzidisha uniti 300 kwa siku kwa wanawake ambao ovari zao zinatarajiwa kuitikia kidogo. La pili ni kama viinitete vyote, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, vitagandishwa ili kupandikizwa baadaye. Katika hali hiyo, vidonge vya projestini vinaweza kushika nafasi ya sindano za kuzuia mayai yasipevuke mapema, na tofauti ya bei ni kubwa mno.

Sasa joto. Sindano nyingi za aina hii hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na Dar es Salaam ya Januari haitaki mchezo. Kijana mmoja alisafiri kwa basi na kalamu ya mkewe ndani ya chupa ya chai aliyoijaza vipande vya barafu, kalamu ikiwa imezamishwa humo humo. Alikuwa ameitunza kwa mapenzi makubwa. Dawa iliganda. Ilipoyeyuka ilionekana safi kama maji, lakini dawa iliyoganda huharibika na haitumiki tena. Barafu na dawa visigusane. Funga dawa kwa taulo kavu, tumia kiboksi cha baridi, na nyumbani iweke rafu ya katikati ya friji, mbali na sehemu ya kugandisha. Kalamu ya Gonal-f ikishaanza kutumika ina siku 28 tu. Andika tarehe uliyoifungua kwa peni juu yake.

Najua pia kuhusu vifurushi vinavyotoka Mumbai na Dubai kwenye mizigo ya wasafiri, na dawa zilizobaki zinazopeanwa kwenye vikundi vya WhatsApp. Wanaozitoa mara nyingi wana nia njema. Lakini sindano ya mwisho ya kupevusha mayai huchomwa saa 34 hadi 36 kabla ya kuvuna, na ikiwa ilikaa siku mbili kwenye sanduku la moto, utaingia chumba cha upasuaji ukakosa mayai. Dawa za siku kumi zote zimekwenda. Nunua kwenye famasi yenye friji na kipimajoto unachoweza kukiona, dawa iwe imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Siku ukipata dawa mbovu, risiti ndiyo ushahidi wako.

Kuhusu bima nitasema kwa kifupi. Bima nyingi hutenga matibabu ya ugumba, lakini vipimo vya tezi ya shingo, tiba ya maambukizi au upasuaji wa uvimbe wa kizazi huweza kuwa ndani. Uliza kipimo kimoja kimoja kwa jina lake. Usikubali mtu aandike ugonjwa usiokuwa wako ili bima ilipe.

Kabla ya kukopa, kaeni wawili mkubaliane ni mizunguko mingapi mtajaribu, na muandike. Nimeona ndoa zikiingia mzunguko wa tano kwa mkopo wa nne kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kusema tupumzike.

Ukija dirishani kwetu, njoo na cheti, majibu ya vipimo vya wote wawili, na kiasi ulichonacho, hata kama ni kidogo. Tutahesabu pamoja. Na kama fedha hazitoshi, sema kabla hedhi haijaanza: daktari anaweza kusogeza matibabu hadi mwezi unaofuata, na hujapoteza kitu. Ukisema siku ya sita ya sindano, mayai yameshaanza kukua, na hakuna cha kusogeza.