Kura ya Mayotte haikumaliza kesi

Kila ikitajwa Mayotte, kisiwa cha funguvisiwa la Komoro kilichobaki chini ya Ufaransa, hakosekani mtu wa kuleta hoja ile ile: "Wenyewe walipiga kura wabaki Ufaransa, sasa Komoro inalilia nini?" Juzi nimeisoma tena, safari hii imeandikwa na mtu aliyesomea sheria. Nafundisha sheria ya kimataifa, na hoja hii imenichosha kwa sababu inaanzia mwisho wa hadithi. Kabla hujahesabu kura, unatakiwa ujue wapiga kura ni nani na kura zao zinahesabiwa pamoja na za nani.

Historia nitaipitisha haraka. Ufaransa iliipata Mayotte mwaka 1841 kwa mkataba na Andriantsoly, mtawala Msakalava aliyetokea Madagaska. Visiwa jirani vya Ngazija, Nzwani na Mwali viliingia chini ya himaya ya Ufaransa mwaka 1886. Baadaye vyote vinne viliwekwa chini ya Madagaska, na mwaka 1946 vikatengwa vikawa eneo moja lenye utawala wake. Sheria ya kuondoa ukoloni inalitazama eneo hilo: koloni moja, visiwa vinne.

Tarehe 22 Desemba 1974 koloni zima lilipiga kura, na ni Ufaransa yenyewe iliyoiitisha. Kwa jumla, takriban asilimia 95 walitaka uhuru. Mayotte peke yake, karibu asilimia 64 walikataa. Matokeo yakiwa tayari mezani, Bunge la Ufaransa likapitisha sheria ya Julai 3, 1975 iliyotaka katiba ya nchi mpya ikubaliwe kisiwa kwa kisiwa. Soma tena mpangilio huo wa tarehe. Utaratibu ulibadilishwa kura zikiwa zimeshahesabiwa! Siku tatu baadaye Ahmed Abdallah, kiongozi wa serikali ya visiwa hivyo, akatangaza uhuru, na Novemba 12 Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro kwa azimio namba 3385, linalovitaja visiwa vyote vinne kwa majina, Mayotte ikiwemo.

Ile kura mnayoninukulia, ambayo asilimia 99 walitaka kubaki Ufaransa, ni ya Februari 8, 1976, na ilipigwa Mayotte tu. Siku mbili kabla yake, wajumbe 11 wa Baraza la Usalama waliunga mkono azimio la kuitaka Ufaransa isiiendeshe. Ufaransa ikalizuia kwa kura yake ya turufu, kisha ikaendelea.

Wanaoitetea Komoro nao wasikilize. Nyinyi mnaonukuu maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya mwaka 2019 kuhusu visiwa vya Chagos, vilivyotengwa na Mauritius kabla ya uhuru wake, kama hukumu juu ya Mayotte, mnakosea. Yale ni maoni ya ushauri, na yalihusu Mauritius na Uingereza. Mahakama ilisema koloni halimegwi kabla ya uhuru isipokuwa kwa ridhaa huru na ya kweli ya watu wa eneo husika. Kanuni hiyo inaisaidia Komoro sana, lakini mazingira hayafanani. Wachagos walifukuzwa kwao. Wamaore, yaani watu wa Mayotte, walitaka kubaki chini ya Ufaransa.

Hapa ndipo vitabu vingi vinapopita kimya. Makao makuu yalipohamishwa kutoka Dzaoudzi, iliyoko Mayotte, kwenda Moroni, iliyoko Ngazija, miaka ya 1960, Mayotte iliona imetupwa. Wanawake wake, Zéna M'Déré akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliwazingira maofisa waliotumwa kutoka Moroni na kuwatekenya mpaka waondoke. Mwaka 2009 zaidi ya asilimia 95 ya waliopiga kura walikubali kisiwa kiwe mkoa kamili wa Ufaransa. Siwezi kumtazama mwanamke wa Maore usoni nikamwambia hajui anachotaka. Isitoshe, hilo "koloni moja" tunalolitetea kisheria lilichorwa na mkoloni. Kabla yake kila kisiwa kilikuwa na watawala wake. Naamini Komoro ina haki kisheria, ila jambo hili linanisumbua kila ninapolifundisha.

Linalonisumbua zaidi ni viza ambayo Ufaransa iliwawekea Wakomoro wanaoingia Mayotte mwaka 1995. Kutoka Nzwani hadi Mayotte ni kama kilomita 70, na watu walikuwa wakienda kwenye harusi na misiba ya ndugu zao bila kuombwa karatasi. Tangu hapo wasio na viza huvuka kwa kwassa-kwassa, vile vidau vya injini, na wengi wamezama.

Tena kuna Nzwani yenyewe. Agosti 1997 viongozi wake walitangaza kujitenga na Komoro wakaomba kurudi chini ya Ufaransa. Bendera za Ufaransa zilipeperushwa Mutsamudu, mji mkuu wa kisiwa hicho. Paris ilikataa. Nzwani ni kisiwa kilichotoka koloni lile lile, kikasema kinamtaka mtawala yule yule. Ninyi mnaosema matakwa ya wakazi wa kisiwa yanatosha, anzeni kwa kunieleza kwa nini ya Nzwani hayakutosha.