Msilaumu vumbi kabla ya kukagua chupa

Wazazi wengi wanaofika katika ofisi yetu ya afya ya umma hapa Nakuru huja na lalamiko moja: mtoto anakohoa usiku kucha, ngozi inamwasha, macho yanavimba, na lawama zote wanalitupia vumbi. Ni kweli mji huu una vumbi. Hata jina lake husemwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana hiyo. Lakini vumbi halikuanza mwaka huu. Kilichoongezeka nyumbani ni chupa. Malalamiko kuhusu sabuni za kupima, zile za maji zinazouzwa kwa lita bila chupa ya kiwandani, dawa za kunguni na watu wanaopita wakipulizia nyumba yamezidi, ndiyo maana tumeona tuandike. Makala haya hayachukui nafasi ya daktari wako. Kama mtoto ana pampu ya pumu, aendelee nayo vile alivyoagizwa.

Nianze na chumba kimoja cha kupanga kule mtaa wa Kaptembwo. Mama alituita kwa sababu mwanawe wa miaka sita alikuwa amelazwa mara mbili kwa pumu. Nyuma ya pazia la kitanda, sakafuni, palikuwa na chupa tatu za soda za nusu lita. Moja ilikuwa na maji ya kijani, ya pili ya waridi, ya tatu meupe kama maziwa. Ya kijani ni ya vyombo, akasema, ya waridi ni ya kupiga deki, na hiyo nyeupe ni ya kunguni, "nilichanganyiwa agrovet", yaani duka la dawa za mifugo na mimea. Hakuna hata moja iliyokuwa na lebo. Nilipofungua ya kijani, chumba kizima kilinukia tufaha. "Lakini daktari, si inanukia vizuri?" Mimi si daktari, na sikulaumu swali lake. Harufu ndiyo inayouzwa. Sabuni isiyonukia hubaki sokoni.

Sasa tuelewane kuhusu sabuni ya kupima. Sina ugomvi na vijana wanaoichanganya na kuiuza kwa lita. Wanatafuta riziki, na wengine wanaifanya vizuri. Wanaotengeneza wanajua mapishi: ufasidi (asidi ya sabuni), ungarol (ya kutoa povu), chumvi, kostiki soda au magadi ya kupoza asidi, rangi, manukato, na kitu cha kuzuia isioze. Mwenye haraka asipopima vizuri, asidi hubaki, au kostiki huzidi, na mikono ya kila anayeosha vyombo hupasuka. Huo si mzio. Huo ni mchubuko wa kemikali, na utampata yeyote. Mzio humchagua mtu mmoja nyumbani na kuwaacha wengine watano, ndiyo maana majirani hawamwamini mama anaposema sabuni inamdhuru mtoto wake. Na mtu anaweza kutumia kitu miaka miwili bila neno, kisha mwili ukakikataa mwaka wa tatu. Tafadhali acheni kutuambia "nimeitumia siku zote".

Vitu viwili ndivyo vinavyosumbua ngozi zaidi katika sabuni za maji: manukato na vihifadhi, yaani vile vya kuzuia isioze. Kwenye lebo manukato huandikwa "parfum" au "fragrance", neno moja linaloweza kuficha kemikali nyingi. Kati ya vihifadhi, mkiona jina refu linaloishia na "isothiazolinone", mwenye ngozi ya mzio aiache rafuni. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mojawapo, methylisothiazolinone, mwaka 2017 katika vipodozi vya kupaka na kuacha mwilini, kwa sababu ya wingi wa watu iliowaletea mzio. Wachanganyaji wengine wa mitaani hutumia fomalini, nayo huwasha macho na kifua. Lakini haya yote yanamfaa mwenye lebo ya kusoma. Chupa ya soda haina cha kusomwa. Mtoto akizidiwa, daktari atauliza alitumia nini, na jibu litakuwa "ile ya kijani".

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza hauhitaji fedha. Punguza chupa kabla hujabadilisha chupa. Sabuni ya mche isiyotiwa manukato huosha vyombo, nguo na sakafu, na kilichobaki ni kusuuza vizuri. Dawa ya kulainisha nguo, ile ya kufanya zinukie wiki nzima, mtoto mwenye mzio haihitaji. Fagio kavu hurusha vumbi, kwa hiyo pangusa kwa kitambaa chenye maji. Shuka za mwenye pumu zifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60 hivi, maana hapo utitiri wa vumbi hufa. Ondoa kitu kimoja kwa wakati mmoja na ukae wiki mbili ukitazama. Ukiondoa vyote siku moja hutajua kilichokuwa adui, na mwezi ujao utavinunua tena.

Jiki. Hapa uvumilivu wangu hupungua kidogo, kwa sababu tumelisema hili kanisani, barazani na redioni. Jiki haichanganywi na chochote isipokuwa maji baridi. Ukiichanganya na dawa ya choo yenye asidi, au na siki, hutoa gesi ya klorini, na kwa mtu mwenye pumu ndani ya choo kisicho na dirisha hiyo si kero, ni dharura. Ukiimwaga juu ya mkojo mwingi hutoa mvuke mwingine unaokaba. Kama chupa inaonyesha asilimia 3.5, vijiko viwili vya mezani kwa lita moja ya maji vinatosha kazi nyingi za kuua vijidudu nyumbani. Kuongeza hadi macho yatoe machozi hakuongezi usafi. Na wale wa kuchanganya siki na magadi ya kuokea kwa sababu video ilionyesha povu: povu hilo ni hewa ya kaboni ikitoka, na kinachobaki ndooni ni maji ya chumvichumvi. Hayadhuru. Hayasafishi pia.

Ile chupa nyeupe ilikuwa dawa ya kupe wa ng'ombe. Imesajiliwa kwa ng'ombe, nje, kwenye hewa. Yule mama alikuwa ameinyunyizia godoro, kisha mtoto akalalia usiku uleule, dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi yetu ya Julai. Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, Sura ya 346, inakataza kutumia bidhaa hizi katika hali isiyo salama, na haimbagui mwenye duka na mwenye kitanda. Kunguni huuawa na joto: maji yanayochemka kwenye mianya ya kitanda cha chuma, nguo na shuka kwenye maji moto sana. Inachosha na hurudiwa, najua. Ukiamua kumwita mpuliziaji, dai leseni yake kutoka PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu, na uione chupa kabla haijafunguliwa. Lebo halali ina namba ya usajili inayoanza na PCPB (CR). Anayekuja na mtungi aliokwisha kuchanganya nyumbani kwake, mrudishe.

Kuna wanaotuambia wao hutumia "ya asili tu", yaani pareto. Sisi wa Nakuru tuna haki ya kujivunia pareto. Molo na Kuresoi wameilima miongo mingi, na Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa zao hilo. Lakini pareto ni ndugu wa maua ya krisanthemu, na baadhi ya watu wenye mzio wa maua ya ukoo huo huathirika nayo pia. Ya asili au ya kiwandani, kifua hakiulizi. Kuhusu dawa ya mbu ya kuchoma, watafiti waliwahi kupima wakaona koili moja hutoa chembe ndogo za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Iacheni. Chandarua kilichotiwa dawa msikiache, hasa mnaposafiri kuelekea Kisumu, Siaya na Busia. Kipya kianikwe kivulini siku moja kabla ya kutumiwa.

Jambo moja si mzio lakini siwezi kulipita: vidonge vya naftalini sandukuni. Mama yangu alikuwa navyo, na harufu ya nguo za Krismasi kwangu ni hiyo hadi leo. Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana sana kwa watu wa maeneo ya malaria kama kando ya Ziwa Victoria, anaweza kuvunjika chembe nyekundu za damu kwa kuvishwa nguo zilizohifadhiwa hivyo. Huwa manjano, hupauka. Nguo za mtoto mchanga zisikae na vidonge hivyo hata siku moja.

Sasa utaratibu wa kulalamika, maana watu wengi huishia kwenye kundi la WhatsApp. Bidhaa ya dukani yenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina namba chini ya alama. Tuma neno SM#, ukifuatisha namba hiyo, kwa 20023, utajibiwa jina la mtengenezaji na bidhaa. Majibu yasipolingana na chupa, piga 1545, haitozwi. Kwa sabuni au dawa isiyo na lebo, njoo kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yako au mpitie mhamasishaji wa afya ya jamii. Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inaihesabu sabuni ya kusafishia kuwa kemikali, kwa hiyo tuna mamlaka ya kuchukua sampuli. Sampuli huandikishwa, hufungwa kwa lakiri mbele ya muuzaji na kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Majibu hayatoki kesho; msipige simu kila asubuhi.

Kama kero ni moshi au mvuke wa jirani anayechanganyia uani, hiyo ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Tunakagua kwanza. Tukiridhika, tunatoa notisi chini ya kifungu cha 119, kwa mwenye kusababisha kero, na asipopatikana, kwa mwenye nyumba au mpangaji. Notisi hutaja la kufanywa na muda wake. Muda ukipita, kifungu cha 120 kinatupeleka mahakamani, na mahakama inaweza kuamuru kero iondolewe na gharama zilipwe. Kuomba radhi kwa simu hakufuti kesi. Mwenye nyumba naye asidhani kukusanya kodi tu kunamtoa lawamani.

Yule mtoto wa Kaptembwo hatuwezi kusema nini hasa kilimlaza, kwa sababu chupa mbili zilishamwagwa tulipozirudia. Mama alizitupa kwa hofu baada ya sisi kuondoka. Basi ombi letu: mtu akimeza kitu au akikabwa, msimtapishe, maziwa yasiwacheleweshe, mkimbizeni hospitali, na chupa mwende nayo ilivyo. Mkija kulalamika kwetu pia, ileteni imefungwa, ndani ya mfuko, na kwenye karatasi andikeni mlikoinunua, siku, na bei.