Kisanduku cha Mafuta Hakipimi Chochote

Nilipoinua kiti cha Suzuki V-Strom 650 iliyoletwa gereji kwangu hapa Arusha, nilikuta kisanduku cheusi kimebanwa kwa tepu kando ya betri. Nyaya zake zilikuwa zimeunganishwa vizuri, soketi kwa soketi, hakuna uliokatwa. Mwenyewe alinieleza kwamba alibadilisha eksozi, akashauriwa aweke kisanduku cha kurekebisha mafuta, akakiagiza kutoka nje, akapakua ramani, yaani jedwali la namba za kuongeza au kupunguza mafuta, kwenye intaneti, na kwa muda pikipiki ikaenda safi. Baadaye ikaanza kuchoka ikipanda mlima. Kila fundi aliyeishika akaongeza asilimia mbili tatu kwenye ramani. Nilipochomeka kompyuta, vyumba vya juu vya jedwali vilisomeka 12, 12, 13.

Nitarudi kwenye pikipiki hiyo. Kwanza nieleze kazi ya kisanduku chenyewe, kwa sababu naona watu wanatumia laki kadhaa za shilingi kununua kitu ambacho hawajaelezwa kinafanya nini.

Pikipiki ya injekta haina jeti za kubadilisha, vile vitundu vya kupimia mafuta kwenye kabureta. Kontrol boksi, kompyuta ya injini, inasoma akselereta imefunguliwa kiasi gani, injini inazunguka mara ngapi, joto la hewa, joto la injini na mgandamizo wa hewa, kisha inaamua nozeli, kile kinachopulizia petroli, ikae wazi kwa muda gani. Chukua injini iliyo kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 10, na kwa kuwa injini ya stroku nne inahitaji mizunguko miwili kumaliza kazi yake, una milisekunde 20. Ndani ya hizo 20, nozeli huenda ikafunguka kwa 4 tu. Kisanduku kinakaa katikati, kati ya kontrol boksi na nozeli. Kinapokea amri ya milisekunde 4, kinatazama jedwali lake la mizunguko na akselereta, kinakuta +5, kinaipeleka 4.2. Hakijui kama hizo 4.2 zinatosha, zimezidi au zimepungua. Kinatii namba iliyoandikwa humo na mtu, na mara nyingi mtu huyo hajawahi kuiona pikipiki yako.

Jina linalosikika zaidi ni Power Commander ya Dynojet, kampuni ya Marekani iliyoanza 1972. Waliokulia kwenye kabureta watalielewa jina hilo: kampuni ilijijenga kwa seti za jeti, baadaye ikatengeneza dainamomita za kupimia nguvu za pikipiki, na injekta zilipoenea wakahamia kwenye visanduku. Zipo nyingine pia, kama Rapid Bike na Bazzaz. Zote ni vifaa vizuri mikononi mwa anayepima.

Kuna jambo dogo ambalo mafundi wengi hawaliwekei maanani, nami lilinigharimu plagi nyingi kabla sijalielewa. Nozeli haifunguki papo hapo. Inachukua karibu milisekunde moja kuinuka, na betri ikiwa dhaifu inachukua zaidi. Kwa hiyo katika amri ya milisekunde 4, mafuta yanapita kwa 3 hivi. Ukirefusha amri kwa asilimia 5, umeongeza 0.2, nayo yote ni mafuta, kwa hiyo ongezeko lako halisi ni kama asilimia 7. Nenda sailensa, yaani injini ikiwaka bila kufunguliwa akselereta, ambako amri inaweza kuwa milisekunde 2 na mafuta yanapita kwa 1 tu. Asilimia 5 ileile inakuwa 0.1, yaani asilimia 10 ya mafuta. Kama kisanduku kinarefusha muda mzima bila kuhesabu uvivu huo wa nozeli, namba inayoonekana ndogo kwenye skrini inakuwa kubwa kwenye silinda. Ndiyo maana pikipiki nyingi zenye ramani ya "+5 kila mahali" zinanuka petroli zikiwa zimesimama kwenye taa.

Halafu kuna sensa ya oksijeni. Ukiwa unatembea taratibu, bila kufungua sana, kontrol boksi inasikiliza sensa hiyo iliyo kwenye eksozi na inashikilia uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, kwa kuwa hapo ndipo kikatalisti kinasafisha moshi vizuri zaidi. Ukifungua akselereta kwa nguvu inaacha kuisikiliza, inafuata jedwali lake lenyewe, na mafuta yanaongezeka kuelekea 13 kwa 1, ambako nguvu hupatikana. Sasa wewe umeongeza asilimia 8 kwenye eneo la mwendo wa taratibu na sensa umeiacha mahali pake. Sensa inapiga kelele kwamba mafuta yamezidi, kontrol boksi inapunguza asilimia 8. Mmegombana, mmerudi palepale. Kibaya zaidi, baadhi ya kontrol boksi zinakumbuka somo hilo na kulipeleka hadi kwenye eneo la kufungua sana, ambako wewe hukutaka lipunguzwe chochote. Kwa hiyo anayefunga kisanduku lazima aamue sensa itafanywaje, na maelekezo ya kifaa husema wazi kama inachomolewa au inawekewa kiunganishi chake.

Vile vijiti vidogo vinavyouzwa kama "chipu ya nguvu" ni habari nyingine. Ndani yake kuna rezista moja. Inaidanganya kontrol boksi kwamba hewa inayoingia ni ya baridi, kwa kuwa upinzani wa sensa ya joto hupanda baridi ikizidi. Hewa ya nyuzi 10 ni nzito kuliko ya nyuzi 30 kwa asilimia 7 hivi, basi injini inapewa mafuta zaidi kwa karibu kiasi hicho, kila mahali, mchana na usiku. Kuna pikipiki zinazotulia kidogo zikifanyiwa hivyo. Lakini kuiita chipu ya nguvu ni kumuibia mteja, na nasema hivyo bila kumung'unya maneno.

Wateja wanaotoka Dar huniuliza kama ramani waliyotengenezewa pwani itafaa huku juu. Arusha iko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa uko chini kwa karibu asilimia 15. Jibu ni ndiyo, itafaa, na sababu yake inapendeza. Kontrol boksi imeshasoma mgandamizo na imeshapunguza mafuta. Kisanduku kinaongeza asilimia juu ya kile kilichoamriwa, basi kinapanda na kushuka pamoja nayo. Kabureta haina bahati hiyo, ikifika huku mafuta yanazidi hewa. Ila nguvu zilizopotea kwa wembamba wa hewa hazirudishwi na kisanduku chochote. Hewa haipo. Ukiongeza petroli unafunika plagi kwa masizi tu.

Tofauti nyingine ya kujua ni kati ya kisanduku na kuandika upya programu ya kontrol boksi yenyewe. Yamaha MT-09 za 2014 zilijulikana kwa akselereta yenye papara: ukigusa, inaruka. Chanzo kikubwa ni jinsi kontrol boksi ilivyopangiwa kufungua vipepeo vya hewa, vile vilango vinavyoruhusu hewa kuingia kwenye injini, na kukata mafuta unapoachia. Kisanduku cha nozeli hakifiki huko. Kinaweza kulainisha kidogo, lakini vipepeo haviko chini ya amri yake. Pikipiki kama hiyo namwambia mwenyewe aende kwenye programu, hata kama mimi nakosa mauzo.

Na kuna sheria. Agosti 2016, Harley-Davidson ilikubali kulipa dola milioni 12 katika mapatano na serikali ya Marekani kuhusu vifaa vya kurekebisha injini ilivyokuwa inauza tangu 2008, takriban 340,000. Wakala wa mazingira wa huko, EPA, ulisema vinaongeza moshi mchafu kupita kiwango ambacho pikipiki ziliidhinishiwa. Kampuni haikukubaliana na hoja hiyo, lakini ilikubali kuacha kuviuza. Mimi naichukulia kwa uzito hata hapa ambako hakuna anayenipima moshi. Petroli isiyoungua ikifika kwenye kikatalisti inawakia humo humo, nacho kinayeyuka kutoka ndani. Nimewahi kukitoa kimoja kikamwagika vipande kama vigae.

Turudi kwenye V-Strom. Sikugusa namba. Nilifunga geji ya mgandamizo kwenye mpira wa mafuta, nikachomelea kishikio kwenye eksozi na kuweka sensa pana ya Bosch, ile inayosoma uwiano wenyewe badala ya kusema tu umezidi au umepungua. Huwa naielekeza juu kidogo, angalau nyuzi 10 kutoka mlalo, maji ya eksozi yasiikalie wakati wa kuwasha. Sailensa, geji ilisoma baa 3, sawa na inavyotakiwa. Tukatoka. Kwenye mlima, akselereta ikiwa wazi, ikashuka taratibu hadi 2.4.

Mafuta yanayopita kwenye nozeli yanafuata kipeuo cha pili cha mgandamizo. Kutoka 3 hadi 2.4 unapoteza karibu asilimia 11. Zile 12, 12, 13 zilikuwa zinaziba pengo hilo, na kila chujio lilipoziba zaidi, fundi mwingine aliongeza. Nilifungua tangi, nikatoa pampu. Chujio lake lilikuwa na rangi ya udongo wa barabara ya Ngaramtoni baada ya mvua. Miaka ya petroli ya madumu, bila shaka.

Baada ya chujio jipya geji haikushuka tena, na pikipiki ikaanza kutoa moshi mweusi, kama ilivyotarajiwa kwa ramani ile. Nikafuta kila kitu kuwa sifuri, nikapima upya kwa siku mbili. Mwenye pikipiki alitaka kisanduku kibaki, nami nikakiacha. Humo sasa kuna +4 kati ya mizunguko 2,500 na 4,000, akselereta ikiwa asilimia 5 hadi 10, pale eksozi mpya ilipokuwa inamisi. Vyumba vingine vyote vimebaki sifuri.