Faibaglasi haishiki kutu, lakini bahari huidhoofisha

Wengi huamini faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi, haidhuriki baharini kwa kuwa haishiki kutu. Huo ni nusu ya ukweli. Maji hupenya polepole kwenye gundi yake, iwe epoksi au poliesta, huilainisha na kulegeza mshiko wake na nyuzi za kioo. Bawa la turbini ya mkondo wa bahari, mashine inayozalisha umeme kwa nguvu ya maji yanayotembea, hupindwa mamilioni ya mara, na nyufa huanzia hapo, hasa penye viputo vya hewa vilivyobaki kiwandani. Kwa hiyo kipande cha majaribio huzamishwa hadi uzito wake usiongezeke tena, ndipo hupindwa kikiwa kimelowa. Kukijaribu kikavu tu ni kujidanganya.

Nyuzi za kaboni, ambazo nazo hutumika kwenye mabawa hayo, hupitisha umeme: zikigusana na alumini ndani ya maji ya chumvi, alumini huliwa haraka. Tabaka la faibaglasi katikati huzitenganisha.