Ukolezi: kwa nini kuchemsha maji hakuondoi floridi

Mpishi akisema mchuzi umekolea chumvi, hatuambii ametia vijiko vingapi. Anatuambia chumvi ile ni nyingi kwa mchuzi uliomo sufuriani. Kijiko kimoja kwenye kikombe hakinyweki; kijiko hichohicho kwenye pipa hata hukisikii. Ukolezi ni hilohilo likiwekwa kwa namba: kiasi cha kitu kilichoyeyuka, ukigawanye kwa ujazo wa myeyusho wote.

Sisi wa Arusha dhana hii inatugusa mpaka menoni. Maji mengi ya chemchemi na visima kandokando ya Mlima Meru hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi, aina ya madini inayoyeyuka majini. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengeka, meno hayo huota na madoa ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huharibu hata mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Tuseme ndoo ya lita 20 ina miligramu 60 za floridi. Gawanya 60 kwa 20, unapata miligramu 3 kwa lita. Ukichota kikombe kimoja, floridi iliyomo ni chache kuliko ya ndoo nzima, lakini ukolezi ni uleule 3.

Sasa bandika jikoni lita 2 za maji hayo. Ndani mna miligramu 6. Maji yanapochemka, mvuke unaondoka na floridi inabaki. Zikisalia lita 1.5, zile 6 unazigawa kwa 1.5: umefika 4. Tuendelee kuchemsha, maana vijidudu vinakufa, ila tusidhani tumeondoa floridi. Tumeikoleza.

Kinyume chake ni kuzimua. Lita 10 zenye ukolezi wa 3 zina miligramu 30. Ili ukolezi uwe 1.5, miligramu hizo zinataka lita 20, kwa hiyo ongeza lita 10 za maji safi ya mvua, ambayo kwa kawaida hayana floridi ya kuhesabika. Kanuni yake: ukolezi wa mwanzo mara ujazo wa mwanzo ni sawa na ukolezi wa mwisho mara ujazo wa mwisho. Mkaa wa mifupa, uliofanyiwa kazi sana katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hufuata njia nyingine: hunasa floridi yenyewe, na maji yanabaki kiasi kilekile.

Maabara shuleni huhesabu kwa moli, yaani fungu la idadi maalumu ya chembe za kitu, badala ya miligramu. Moli moja ya sodiamu haidroksaidi, ile kostiki ya kutengenezea sabuni, ni gramu 40. Gramu 1 katika mililita 250 za myeyusho ni sawa na gramu 4 kwa lita. Gawanya kwa 40, unapata moli 0.1 kwa lita. Hapa wanafunzi wengi huteleza: wanapima mililita 250 za maji, kisha wanatia kostiki. Yeyusha kwanza kwenye maji kidogo, acha ipoe kwa sababu hupata moto, mimina kwenye chupa yenye alama shingoni, kisha ongeza maji mpaka kwenye alama. Zile 250 ni za myeyusho, si za maji.