“Damu yangu ni ya ndugu zangu tu”, na mengine tunayoambiana kuhusu kuchangia damu

Nilianza kuchangia damu nikiwa kidato cha sita, timu ya damu salama ilipokuja shuleni. Tangu hapo, kila nikionekana mtaani na plasta kwenye mkono, maneno ninayoambiwa ni yale yale. Watu hawasemi kwa ubaya. Mengi wameyarithi kwa watu wanaowaamini. Nimeyakusanya yanayosikika zaidi hapa Dar es Salaam. Hayana uzito sawa: mengine ni ya kucheka tu, lakini yapo yanayoua.

“Watakukausha”

Mtu mzima ana damu lita tano hivi, kutegemea uzito wake; hesabu ya kawaida ni mililita 70 kwa kila kilo. Mfuko wa mchangiaji hubeba mililita 450. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi. Kwa mtu wa kilo 45 ingekuwa karibu sehemu moja ya saba, ndiyo maana asiyefika kilo 50 hurudishwa nyumbani hata akiwa mzima wa afya. Wembamba wenyewe si tatizo, mizani ndiyo inayoamua. Maji ya damu hujirudishia ndani ya siku moja au mbili. Chembe nyekundu huchukua kama wiki nne hadi nane, na akiba ya madini ya chuma huchelewa zaidi. Kwa hiyo mwanamume husubiri miezi mitatu kabla ya kuchangia tena, mwanamke miezi minne.

Na hakuna anayekulaza kitandani kabla ya kukupima. Siku hizi mashine ndogo hutoa jibu kwa tarakimu, lakini mimi kipimo ninachokipenda ni kile cha zamani cha mrututu, ile chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu. Kwenye meza kuna gilasi ya maji ya buluu. Mtaalamu anakutoboa ncha ya kidole, anavuta damu kidogo, anadondosha tone moja. Likizama bila kusita, damu yako inatosha. Likielea, au likishuka nusu kisha likapanda, unaambiwa ukajenge mwili kwanza. Kizingiti ni gramu 12.5 za himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa desilita. Nimeona kijana wa gym mwenye kifua kama mlango tone lake likigoma kuzama, na nyuma yake mama lishe mwembamba akapita bila maswali.

Wanaoanguka wapo, sikatai. Mara nyingi ni wageni wa kazi hiyo, wenye hofu, au waliokuja na njaa. Siku moja aliyekuwa mbele yangu aliulizwa, “Kaka, umekula nini leo?”

“Chai.”

“Chai na nini?”

“Chai tu, dada.”

“Basi vuka barabara ukale, sisi tupo mpaka jioni.”

Alinung'unika, akaenda. Alirudi na chapati mkononi, akatoa damu, akanywa soda yake na biskuti, akaondoka kwa miguu yake. Ukilala kitandani zoezi lenyewe huchukua dakika tano hadi kumi tu. Kinachokula muda ni dodoso na foleni.

“Ukianza, huwezi kuacha”

Hili nimelisikia sana: mwili utazoea, na siku usipotoa damu itajaa, kichwa kitauma, presha itapanda. Mwili hauendi hivyo. Figo zikihisi oksijeni imepungua hutuma homoni kwenye uboho wa mifupa ili chembe nyekundu ziongezwe. Pengo likijazwa, amri hiyo hupungua. Mtu anaweza kuchangia mara moja maishani na asirudi tena, asidhurike chochote. Kichwa kikimuuma mwaka mmoja baadaye akapime presha, malaria na macho, asisingizie sindano.

Jirani wa dhana hiyo ni ile ya “damu chafu”: kwamba kuchangia ni kama kuumikwa, unapunguza uchafu mwilini. Anayeumikwa ana sababu zake na simwingilii. Lakini kinachotoka kwa mwumikaji humwagwa, na kinachoingia kwenye mfuko kinakwenda kwa mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, kwa mgonjwa wa selimundu, kwa dereva wa bodaboda aliyevunjika paja. Ukiamini damu yako ni chafu, sababu hiyo inatosha kukubakisha nyumbani.

“Nikatoe damu, nijue afya yangu”

Hapa ndipo ninapoacha kucheka. Wapo wanaokwenda kuchangia wakiwa na wasiwasi wa jambo walilofanya wiki iliyopita, na wanajua kwamba kila mfuko hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Wanaona ni njia ya kupima bila kukaa kwenye benchi ambalo jirani atawaona.

Vipimo ni vizuri lakini vina kipindi chao cha upofu. Mtu aliyeambukizwa juzi anaweza kuonekana hana kitu huku virusi vimo kwenye damu yake. Mfuko wake utapita maabara, utabandikwa lebo ya salama, utatundikwa juu ya kitanda cha mtu asiyemjua. Ndiyo maana dodoso lina maswali ya aibu: mpenzi mpya, sindano za kujidunga, tatuu, kuchanjwa chale. Dodoso huziba pale mashine isipoona. Aliyedanganya kwenye karatasi ameondoa ulinzi wa kwanza, na mgonjwa hana namna ya kujua. Mwenye wasiwasi aende kituo cha afya akapime VVU. Ni bure, na kuna mtu wa kuzungumza naye.

Kwa upande wa mchangiaji, hofu ya kuambukizwa akiwa anatoa haina msingi. Sindano ni mpya, imeunganishwa na mfuko wenyewe, na baada ya mtu mmoja inatupwa.

“Damu wanaiuza”

Shaka hii ina mizizi mirefu. Wakati wa ukoloni, Dar es Salaam na Nairobi pia, watu walikimbia magari ya zimamoto wakiamini ni ya mumiani wanaokamata watu usiku na kuwanyonya damu itengenezwe dawa. Bibi yangu alikua akisikia hadithi hizo, na hata uzeeni akiliona gari lenye msalaba mwekundu alikuwa anauliza kwanza limekuja kufanya nini. Simlaumu. Serikali ya mkoloni ilichukua mengi kwa watu bila kueleza, na kumdhania kwamba inachukua na damu hakukuwa mbali na mazoea yao.

Sheria ya mchezo leo ni hii: damu Tanzania haiuzwi na mchangiaji halipwi. Soda na biskuti si malipo, ni kurudisha maji na sukari. Huduma yenyewe ina gharama kubwa, kuanzia mifuko yenye dawa ya kuzuia damu isigande, vitendanishi vya maabara, majokofu yanayokaa kati ya nyuzi 2 na 6 usiku na mchana, hadi magari na mafuta. Gharama hizo hubebwa na serikali na wafadhili. Kwenye bili ya mgonjwa, chupa ya damu haitakiwi kuwa bidhaa.

Ila nikisema “ni uongo mtupu” nitakuwa nawatukana watu waliokutana nayo. Shangazi yangu, akiwa na binti yake wodini, alifuatwa koridoni na mtu mwenye koti jeupe akaambiwa damu ipo ila “inahitaji kuongea”. Hospitali siitaji. Hakuna risiti, hakuna dirisha la kulipia, ni mkono kwa mkono. Huo ni wizi, na unafanikiwa kwa sababu mbili: chupa ni chache, na ndugu wa mgonjwa hajui kwamba hadaiwi. Ukiambiwa hivyo, uliza risiti kwa sauti ya kusikika, kisha mtafute mganga mfawidhi. Shangazi aliuliza. Yule bwana akasema ameitwa na daktari, akapotea.

Vipo pia vishoka wa nje ya geti: vijana wanaojifanya binamu wa mgonjwa, wakachangia kwa niaba ya familia kwa malipo. Watu huwaona kama msaada. Kwangu hawa ni hatari kuliko yule wa koridoni, maana anayetoa damu kwa ajili ya pesa ana kila sababu ya kujaza “hapana” kwenye dodoso zima. Kuanzia mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani linazihimiza nchi zitegemee wachangiaji wa hiari wasiolipwa, na sababu kubwa ni hiyo.

Mafupi mafupi

Rangi ya kinywaji haina uhusiano na damu. Rozela na juisi ya viazi vyekundu ni vitamu, lakini chuma cha kuaminika kiko kwenye maini, nyama na dagaa, kisha maharage na mboga za majani. Chungwa baada ya chakula husaidia mwili kukinyonya, chai pamoja na chakula hukizuia. Hili la chai najua halitafuatwa.

“Mimi ni O tu, kundi la kawaida, hawanihitaji.” Kinyume chake: kwa kuwa O ni wengi, wagonjwa wa O nao ni wengi, na mgonjwa wa O hawezi kupewa chembe nyekundu za A, B wala AB.

Mwanamke anaweza kuchangia. Mjamzito na anayenyonyesha ndio wanaosubiri.

Mfungo: wanazuoni wamehitilafiana kama kutolewa damu kunafunguza, kwa hiyo njia isiyo na utata ni kwenda baada ya kufuturu. Benki za damu huhisi Ramadhani, na huhisi zaidi shule zinapofungwa, kwa sababu wanafunzi wa sekondari na vyuo ni sehemu kubwa ya wachangiaji wetu.

“Nitatoa siku ndugu yangu akiumwa”

Inasikika kama upendo, na nadhani ni upendo. Lakini ndiyo dhana inayotugharimu kuliko zote.

Kwanza, ndugu huamini damu yake itaingia kwa mgonjwa wake. Mara nyingi haiingii. Anachofanya ni kurudishia chupa iliyotumika au itakayotumika. Yake inaenda kupimwa, kutenganishwa na kuwekwa kwenye foleni. Na hiyo ni heri, maana damu ya ndugu wa karibu si bora kama tunavyodhani. Mara chache chembe nyeupe za mtoto au kaka hufanana mno na za mgonjwa, mwili wake usizitambue kuwa ni wageni, halafu zikageuka kuushambulia. Tatizo hilo ni nadra, ila wanaolipata karibu wote hufa. Mume kumpa damu mke ambaye bado anazaa nako kuna shida: mwili wa mke unaweza kutengeneza kinga dhidi ya chembe za mume, na kinga hiyo ikamsumbua mtoto wa mimba ijayo. Ongeza na aibu. Kaka aliyeletwa na ukoo mzima mpaka mlangoni atawezaje kusema, “Mimi nisitoe, nina jambo langu”?

Pili ni muda. Damu iliyotolewa sasa hivi haitundikwi sasa hivi. Kuipima huchukua saa kadhaa, na kwenye wilaya inayotuma sampuli kituo cha kanda inaweza kuchukua siku. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Anachohitaji ni chupa iliyokwisha kupimwa, imekaa kwenye jokofu, inasubiri kulinganishwa tu na ya kwake.

Tunajua kujitokeza, hilo halina ubishi. Baada ya mabomu ya Agosti 1998 Nairobi na Dar es Salaam, na baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, watu walipanga foleni ndefu kuchangia. Tatizo ni kwamba chembe nyekundu kwenye mfuko wa kawaida hudumu siku 35, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku tano. Foleni ya siku moja haiwezi kuhudumia ajali ya miezi miwili mbele. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba nchi inahitaji angalau chupa 10 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka; kwa hesabu ya sensa ya 2022, watu zaidi ya milioni 61, ni chupa zisizopungua 600,000. Hizo zinapatikana kwa watu wanaokuja siku ya Jumanne isiyo na habari yoyote.

Kwa Dar es Salaam kituo cha kanda cha damu salama kiko Mchikichini, Ilala. Kanda nyingine zina vituo Moshi, Mwanza, Tabora, Mbeya, Mtwara na Dodoma, na hospitali nyingi za mikoa hupokea wachangiaji. Uwe na miaka 18 hadi 65, umelala vya kutosha, umekunywa maji ya kutosha. Beba kitambulisho, na vaa shati ambalo mkono wake unapanda juu ya kiwiko bila vita.