Kanu si mtoto wa chui: tunayoyakosea kuhusu wanyama wa mitini

Alfajiri moja huku Msabaha, mwendo mfupi kutoka Malindi, jirani yangu aliniita kwa sauti ya kukata tamaa. Yeye ni hawe, yaani bibi, wa wajukuu wengi, na kuku ndio ada yao ya shule. Watatu walikuwa chini, shingo zimeng'atwa. Muuaji alikuwa bado ndani, amenasa kati ya mbao na wavu uliochakaa. Wajukuu walikuwa na marungu tayari. "Mwanangu, ni mtoto wa chui," hawe akaniambia. "Wamuue upesi kabla mama yake hajaja."

Nimeishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke muda mrefu, na kauli hiyo nimeisikia mara nyingi. Kila mara inamgharimu mnyama uhai.

"Ni mtoto wa chui"

Yanayodanganya ni yale madoa. Niliomba tochi, tukainama wote tukamtazama. Mwili mwembamba na mrefu, miguu mifupi, pua iliyochongoka, mkia wenye pete nyeusi na nyeupe unaokaribia urefu wa mwili. Huyo ni kanu. Mtoto wa chui ana uso wa mviringo na miguu minene, na akifikia uzito wa kanu mzima, kilo 2 hivi, bado ananyonya. Hawezi kuingia bandani peke yake akaua kuku.

Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umetokeza nje ya wavu, nikawaonyesha watoto vidole. Tulihesabu vitano, pamoja na kile kidogo kilicho juu kidogo ya vingine. Chui ana vinne tu kwenye mguu wa nyuma, kama paka wa nyumbani. Na kama ungeweza kumfungua kinywa bila kung'atwa, ungekuta meno 40. Chui ana 30. Hata harufu ilikuwa ushahidi, maana banda zima lilikuwa linanuka, na kanu ana tezi karibu na mkia anazotumia kuweka alama zake, kama fungo. Fungo ndiye ndugu yake wa karibu.

"Basi ni paka pori"

Si paka. Paka, fisi, nguchiro na fungo wanatoka kwenye shina moja la kale, lakini matawi yaliachana zamani mno. Paka pori wa kweli huku kwetu ni kimburu, na huyo anafanana sana na paka wa jikoni, ila ana miguu mirefu zaidi na mgongo wa masikio wenye wekundu. Kinachomtishia zaidi ni kuzaana na paka wetu wanaozurura, hata damu yake ikapotea polepole.

"Yule wa kwenye simu yuko Sokoke"

Mjukuu mmoja alinionyesha video ambayo imezunguka sana: paka mwenye madoa na macho makubwa anashuka kwenye mti kichwa chini, kisha ananing'inia kwa mguu mmoja wa nyuma. Maandishi yake yalisema ni mnyama wa msitu wetu. Hapana. Yule ni magei, na hajawahi kuishi Afrika. Kwao ni kuanzia Mexico hadi kaskazini ya Argentina.

Lakini kijana alikuwa na haki ya kushangaa, kwa sababu paka wengi hawawezi hivyo. Mtazame paka wako akiwa juu ya mwembe: kupanda ni rahisi, kushuka anarudi kinyumenyume, maana kucha zimepinda kuelekea upande mmoja. Magei ana vifundo vya miguu ya nyuma vinavyozunguka hadi nyuzi 180, kwa hiyo nyayo hugeuka zikashika gome huku kichwa kikitangulia. Mkia wake ni mrefu na mzito, na ndio unaompa mizani juu ya tawi jembamba. Ana uzito wa kilo 3 hivi tu.

Mwaka 2005, katika hifadhi ya msitu karibu na Manaus, Brazil, watafiti walimsikia magei akiiga sauti ya mtoto wa tumbili wadogo waliokuwa wakila mtini. Tumbili mkubwa alishuka kwenda kuangalia mtoto gani analia. Windo lile halikufanikiwa, tumbili walistuka wakakimbia. Mimi bado nikilifikiria jambo hilo nywele zinanisimama: paka anayesema kwa sauti ya mtoto wa mwenzake!

Watu hudhani pia kwamba mnyama hodari hivyo hawezi kuisha. Jike wa magei hubeba mimba siku 80 hivi, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Ana chuchu mbili. Zamani waliuawa kwa maelfu kwa ajili ya makoti ya manyoya, na sasa biashara hiyo ya kimataifa imepigwa marufuku, lakini misitu inaendelea kukatwa. Mnyama anayezaa mmoja mmoja hafidii haraka waliokufa.

"Paka wa Sokoke ni wa mwituni"

Ametoka kwenye msitu huu, ndiyo, na manyoya yake yanafanana na gome la mti. Huku hujulikana kama khadzonzo. Jeni Slater, mwenye shamba huku pwani, alichukua vitoto vyake mwaka 1978, na miaka ya 80 wengine wakapelekwa Denmark, ambako walizalishwa mpaka wakatambuliwa kuwa aina rasmi. Lakini ni paka wa nyumbani kwa asili yake, sawa na yule anayelala mlangoni pa msikiti.

"Chui ni mnyama wa mtu"

Hili lilisemwa kwa sauti ya chini, na mimi silichukulii kuwa dogo. Unguja waliamini kwamba chui wanafugwa na wachawi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kukafanyika kampeni ya kuwasaka wachawi pamoja na chui wao. Chui wa Unguja wakapungua mpaka wengi wakaamini wametoweka. Chui hafugwi kwa uganga. Ni mnyama anayetaka swala, giza na kichaka, na hupandisha windo mtini ili fisi wasimnyang'anye. Kule Lamu, katika msitu wa Boni, bado wapo, na nisingependa wasemwe vile walivyosemwa wale wa Unguja.

"Ukimuua, kuku wamepona"

Hapa hawe alikuwa na uchungu wa kweli, na nilimpa haki yake. Kuku watatu ni pesa. Ila kanu akiuawa, nafasi yake huchukuliwa na mwingine, na panya aliokuwa akiwala shambani wanabaki na mahindi. Wengine hutia sumu kwenye mzoga, na sumu haichagui: inamuua kanu, kunguru, mbwa wa jirani, na tai akipita. Shida ilikuwa tundu la wavu, lenye upana wa ngumi yangu. Kanu ni mwembamba; kichwa kikipita, mwili wote umepita.

Tulifunika kichwa chake kwa gunia, tukakata waya kwa koleo. Alitoka kwa kishindo, akapanda mnazi uliokuwa karibu, akatulia kwenye makuti. Siku hiyohiyo wajukuu walipigilia wavu mpya wenye matundu madogo, wakachimba na kuufukia chini ya udongo kiasi cha kiwiko. Asubuhi ya tatu hawe aliniita tena, mara hii akicheka, nije anionyeshe nyayo ndogo zilizozunguka banda lote mara mbili, kisha zikaelekea kwenye mikorosho.